Jogoo wa Fainali

Jumamosi iliyopita nilifunga mapema kibanda changu cha mitumba pale Busia, nikamwachia jirani wa sokoni ufunguo, nikapanda gari kwenda Tororo kutazama fainali ya kombe la wanawake. Usinicheke. Umri wangu naujua, na magoti yangu nayajua zaidi. Lakini kila mtu ana kitu chake ambacho hawezi kukipita bila kugeuza shingo, na changu ni wasichana wakicheza mpira. Hata wakicheza na mpira wa matambara nyuma ya kanisa, mimi nitasimama na mzigo wangu kichwani mpaka mtu afunge.

Nilikwenda kuwashangilia wa Tororo, maana kitovu changu kimezikwa upande huo, na Tororo wakashinda. Rafiki yangu, mapokezi yale! Wachezaji walipandishwa juu ya lori lililofungwa matawi mabichi, bodaboda zikatangulia zikipiga honi, pikapu yenye spika ikafuata, na akina mama wakakimbia pembeni wakigonga vifuniko vya sufuria. Kando ya uwanja hema lilikuwa limesimama tayari, wakubwa wameketi viti vya mbele, na vyakula vimepangwa ndani ya vibweta vya plastiki. Habari zenyewe zilikuwa zimeshafika kila mahali. Refa hajarudisha filimbi mfukoni, shangazi yangu akanipigia simu kutoka Mombasa kunieleza matokeo ya mechi niliyokuwa naitazama kwa macho yangu mawili.

Basi nikatoka nje ya geti kutafuta cha kutafuna, na hapo nikamkuta mama mmoja na jiko lake la makaa, anachoma firigisi. Zilikuwa zimetungwa kwenye vijiti, zimepakwa chumvi na pilipili, na kila aliyetaka alinunua, mwanamume kwa mwanamke, mzee kwa mtoto. Msichana wa sare za shule alisimama mbele yangu akila kijiti chake huku anaandika kwenye simu, hata hatazami anachokula. Moshi ule ukanigonga usoni, na mimi nikawa sipo Tororo tena. Nikawa Kiyeyi, kwenye ua wa babu, na jezi ya kuazima inanifika magotini.

Nyumbani kwetu Kiyeyi, firigisi ilikuwa na mwenyewe. Kuku hakuchinjwa kila siku, na alipochinjwa kila kiungo chake kilijua kinakokwenda: paja kwa mgeni, shingo kwa watoto wachunga mbuzi, mgongo kwa mjomba, na firigisi kwa babu. Hakuna aliyeuliza. Mwanamke aliyepakua kuku na firigisi isionekane kwenye sahani ya mwenye nyumba alikuwa na maelezo marefu ya kutoa. Sisi watoto wa kike tuliiosha, tukaimenya ile ngozi yake ya njano, tukaondoa changarawe zilizomo ndani, na hapo kazi yetu ikaisha. Tuliijua kwa vidole tu.

Nyanya ndiye aliyekuwa na kisa cha ajabu zaidi. Yeye kuku hakula kabisa, hata mchuzi, kwa sababu wanawake wa umri wake walilelewa hivyo, na ruhusa ilipokuja alikuwa ameshazoea kukosa. Lakini hakuna mtu katika Kiyeyi nzima aliyempika kuku kama yeye. Alimtia simsim, yaani ufuta uliosagwa, akamwacha atokote taratibu mpaka mafuta yaelee, na chumvi alikisia kwa kutazama rangi. Ukimuuliza anajuaje kwamba imekolea, alisema pua imeshaonja, mdomo wa nini tena.

Babu naye alikuwa mtu wa baiskeli. Kabla pikipiki hazijafika, alifanya kazi mpakani Busia, akivusha watu kutoka geti la Uganda mpaka geti la Kenya na kuwarudisha, wamekaa kwenye kiti cha nyuma chenye mto mwekundu. Alibeba wafanyabiashara, magunia ya mahindi, maharusi, wagonjwa, na zaidi ya yote alibeba maneno. Mtu wa upande huu alimwambia, ukifika kule mwambie ndugu yangu mama anaumwa, au ng'ombe amezaa, au posa imekubaliwa. Alirudi Kiyeyi akiwa na miguu migumu kama mpini wa jembe, mapenzi makubwa ya Kiswahili, na chuki moja: habari ya uongo. Alisema aliwahi kumwona mtu akiuza mbuzi wake wote kwa ajili ya msiba ambao haukuwepo, kwa sababu mleta habari alisikia nusu akaondoka.

Kile Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, kimekatwa huku na kuungwa kule, nacho alikitunza kwa mambo mazito. Tulisali kwa Kipadhola, lugha yetu ya nyumbani, tukagombana kwa Kipadhola, lakini hukumu babu alitoa kwa Kiswahili. Ukisikia amebadilisha lugha, ujue jambo limekwisha na halina rufaa.

Sasa mwaka huo shuleni kwetu alikuja mwalimu mpya, mwanamke, kijana, mwenye mpira wa ngozi ndani ya mfuko wa nailoni. Tulikuwa hatujawahi kuona mwanamke anamiliki mpira. Akatuita wasichana wa darasa la juu akatupanga uwanjani, na mimi akaniweka golini baada ya kuniuliza nyumbani nafanya kazi gani. Nilimwambia nachunga mbuzi. Akacheka, akasema basi wewe umeshajifunza. Na kweli, kama umewahi kumzuia mbuzi dume anayetaka kuingia shamba la mihogo, unajua kutandaza mikono, unajua kutomwangalia machoni bali miguuni, na unajua kuanguka ubavu bila kujionea huruma.

Ubaya ni kwamba mbuzi nao walijua nimeondoka. Nikiwa mazoezini walikwenda wanakotaka, na jioni moja wakaingia kwenye mihogo ya jirani, wakala majani mpaka matumbo yakawa ngoma. Jirani akaja. Babu akasikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi, akamsindikiza. Aliporudi nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala la wimbi, na nyanya alikuwa ananitetea kwa Kipadhola kwa sauti ya chini. Alimwambia kwamba timu imeshaingia fainali ya kikombe cha shule za mpakani, kwamba mwalimu amesema hana golikipa mwingine, kwamba mtoto amelia. Kisha nikasikia lugha imebadilika.

"Sikiliza," alisema, akinyoosha fimbo kwa jogoo wake mwekundu aliyekuwa anaparua chini ya ghala. "Kikombe nakuja hapa, huyu jogoo nakufa. Kikombe hapana kuja, mpira nakufa. Moja lazima nakufa. Basi."

Sikulala vizuri siku zile, nakwambia ukweli. Wengine kwenye timu walitaka kikombe. Mimi nilitaka kuendelea kusimama pale kati ya ile mikaratusi miwili iliyokuwa goli letu, mahali pekee duniani ambapo watu walikuwa wananiita kwa jina la kazi yangu. Golikipa. Nyumbani nilikuwa mtoto wa nani na dada wa nani. Pale nilikuwa golikipa.

Nyanya hakusubiri. Siku ileile aliposikia neno fainali alianza kutengeneza kong'o, ile pombe yetu ya wimbi inayonywewa kwenye chungu kwa mirija mirefu, watu wameketi kuzunguka. Kong'o si kitu cha haraka. Unga unalowanishwa na kulazwa ardhini mpaka uchachuke, unakaangwa juu ya bati mpaka kijiji kizima kijue unafanya nini, unaanikwa, unatiwa kimea, unawekwa kwenye chungu na kuachwa ufanye mambo yake. Mwalimu wetu alipopita akaona mabati yamejaa juani, akashtuka. Akamuuliza nyanya, na tukifungwa je? Nyanya akaendelea kugeuza unga kwa mkono. Akasema wimbi limeshalala, hawezi kwenda kuliamsha aliambie lingoje kwanza.

Fainali ilikuwa Nagongera, siku ya soko. Tulitembea asubuhi na umande, jezi za kaka zetu ziko begani, zinanuka kaka zetu. Njiani tulikula viazi vitamu vilivyobaki vya jana na karanga za kuchemsha, na mwalimu akatukataza kunywa maji mengi. Babu hakuja. Alisema ana chandarua cha kushona, na sote tulijua chandarua hakina tundu.

Wapinzani wetu walikuwa wamevuka kutoka Busia ya Kenya. Walikuja na gari, wamevaa njumu za kweli, soksi zimevutwa mpaka magotini, na walipopasha misuli moto walihesabu kwa sauti moja. Sisi tulikuwa miguu mitupu isipokuwa kapteni, aliyekuwa na kiatu kimoja cha kulia, maana ndio mguu aliopigia. Watu wa soko waliacha mboga na samaki wao wakaja kutuzunguka. Wazee walicheka. Mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti kubwa kwamba hawa wakicheza mpira, nani ameachwa kupika. Kapteni wetu akamjibu, "Wewe nakwenda kupika leo, baba, sisi nakuja kula." Uwanja wote ukamcheka yeye.

Kati ya watazamaji alikuwepo jirani yetu mwingine, mwendesha baiskeli wa Kiyeyi, mtu mwema mwenye kiu isiyo na dawa. Hapa lazima nikueleze desturi moja ya nyumbani kwa babu, nadhani ilitokana na miaka yake ya mpakani. Mleta habari njema hakuachwa aondoke na koo kavu. Kama kuna chungu, yeye ndiye aliyepewa mrija wa kwanza, kabla hata ya wazee. Jirani huyu alijua kwamba kwa nyanya kuna chungu. Alikuwa amekipita kila siku akikinusa.

Tulifunga sisi kwanza. Kapteni alipiga mpira mrefu kwa kile kiatu chake, golikipa wao akatoka, jua likamwingia machoni, mpira ukadunda ukampita. Sijui nikuelezeje kelele ile. Mama mmoja wa sokoni alinikumbatia mimi niliyekuwa golini upande wa pili, hajui hata amfurahie nani. Na katika kelele ile, jirani yetu alipanda baiskeli yake akakata kona kuelekea Kiyeyi. Nilimwona mgongo. Nilidhani amekumbuka kazi.

Waliobaki wanajua kilichofuata. Wale wasichana wa Busia hawakuogopa. Walituzungusha mpaka vidole vyetu vya miguu vikauma, wakasawazisha kwa kichwa, na mechi ilipokuwa inakaribia kuisha wakapata mpira wa adhabu nje kidogo ya mstari. Mpigaji alikuwa msichana mrefu mwembamba mwenye nywele zilizosukwa mistari. Nilimtazama miguu kama nilivyozoea. Nikaruka upande uliokuwa sahihi, mkono ukagusa mpira, nikausikia kwenye kucha, ukaendelea na safari yake. Nilipoinuka na vumbi mdomoni nilisikia filimbi ya bao, na baada ya muda mfupi filimbi ya mwisho.

Yule msichana alinijia akanipa mkono. "Pole, manze," alisema. "Ulikuwa umeifikia. We ni noma." Nilijua ananisifu, lakini nilikuwa nafikiria jogoo mwekundu anayeparua chini ya ghala, mzima wa afya.

Mgeni rasmi alihutubia mpaka ng'ombe wa jirani wakarudi zizini. Washindi wakapewa kikombe, nasi tukapewa mche mmoja wa sabuni, ambao mwalimu aliufunga kwenye leso yake akaubeba kifuani kwa heshima yote. Tulianza kurudi. Hakuna aliyeimba. Kapteni alivua kiatu chake akakibeba mkononi, akasema sasa tuko sawa sote. Mimi nilitembea nyuma nikijifunza jinsi ya kuishi bila mpira. Nilijiambia kwamba mbuzi nao ni wazuri, wana macho mazuri, na nikalia kwa ajili ya macho ya mbuzi.

Tulipokaribia nyumbani jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba, na tukasikia ngoma. Mwalimu akasimama. Tukasikia vigelegele, na baadaye wimbo ambao huimbwa bibi harusi anapoingizwa. Kapteni akauliza nani anaoa. Hatukuwa na habari ya harusi yoyote. Tukaendelea polepole, na tulipokata kona ya mwisho wanawake wa kijiji kizima wakatujia mbio na matawi mikononi, nyanya akiwa mbele, kitambaa kimemtoka kichwani, anacheza kwa mabega kama msichana. Wakatunyunyizia maji kwa majani. Wakatufunga matawi shingoni. Mmoja akaninyanyua mzimamzima.

Uani watu walikuwa wamejaa. Chungu kilikuwa katikati, mirija imeingia, wazee wameketi viti vyao kukizunguka, na kwenye nafasi ya heshima kabisa, mrija mdomoni, macho yamelegea kwa furaha, alikaa jirani yetu wa baiskeli. Hapo nikaelewa. Na nikasikia harufu. Ilikuwa harufu ya kuku na simsim, mafuta yameshaelea. Chini ya ghala palikuwa na kamba tu, na manyoya mekundu.

Nakumbuka nilimtazama mwalimu, naye akatazama sabuni yake. Kapteni alikuwa ameinamisha kichwa chini ya matawi ya watu. Vigelegele viliendelea, na kila kigelegele kilinichoma, kwa sababu kilikuwa cha mtu mwingine. Nyanya alikuwa anatafuta kwa macho nani amebeba kikombe. Singeweza kumwacha aendelee kutafuta. Nikajitoa mikononi mwa yule mama, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha babu, nikapiga magoti kama inavyotakiwa.

"Babu," nilisema kwa Kiswahili, maana jambo lilikuwa zito. "Hapana. Sisi nafungwa. Mbili kwa moja. Ya mwisho napita kwa mkono yangu."

Ngoma ilinyamaza kwa mafungu, maana walio mbali walichelewa kusikia. Jirani akaanza kuuchomoa mrija mdomoni taratibu, kama mtu anayetaka kutoka kanisani bila kuonekana.

"Wewe," babu alimwambia. "Mpira naisha saa ngapi?"

"Mzee, mimi natoka mbele ya filimbi kidogo."

"Mbele kidogo."

"Mzee, kama mimi nangoja mwisho, mtu ingine nafika hapa mbele yangu!"

Mtu mmoja alicheka, akafunga mdomo kwa mkono. Babu hakucheka. Alinitazama kwa muda, nilivyo, vumbi kutoka nywele mpaka miguuni, matawi ya ushindi shingoni. Kisha akamgeukia nyanya.

"Siku ile mimi nasema nini? Moja nakufa. Sasa jogoo iko wapi?"

"Iko kwa sufuria," nyanya alijibu, kwa Kiswahili chake cha nadra.

"Iko kwa sufuria. Nakufa tayari." Babu akainua mikono yake miwili watu waione kuwa mitupu. "Mimi hapana mtu ya kuua mara mbili."

Sikuelewa mara moja. Kapteni ndiye aliyeelewa, akapiga ukelele, na mwalimu akaanza kulia wazi mbele ya watu. Kisha chakula kikaletwa. Ugali wa wimbi na muhogo ukawekwa, kahawia na moto, na mbele ya babu ikawekwa sahani yake ya bati, na juu yake, mahali pake pa siku zote, firigisi. Nilikuwa bado nimepiga magoti. Babu akaichukua kwa vidole akaitazama.

"Huyu naleta habari na kiu," alisema, akimwonyesha jirani kwa kidevu. "Hii naleta habari na machozi. Habari ya kweli iko kwa nani? Lakini hii mtoto, hapana kunywa mrija." Akainyoosha kwangu.

Nyanya akashika kifua. Wazee wakanguruma, na mmoja akasema waziwazi kwamba haijapata kuonekana, firigisi kwa msichana. Babu hakugeuka.

"Mimi hapana kupa msichana," alisema. "Mimi napa mtu ya habari."

Niliitia mdomoni mbele ya kijiji kizima. Nikuambie ilivyokuwa? Ilikuwa ngumu. Ilikuwa inateleza, inakataa jino, ina ladha ya simsim na ya kitu kama chuma. Maisha yangu yote nilidhani wanaume wanatuficha asali. Babu aliniona ninavyohangaika, akaniinamia, na sauti yake ikawa ndogo, yangu peke yangu.

"Tafuna polepole. Hiyo hapana nyama ya haraka." Kisha akaongeza, "Kesho asubuhi mbuzi. Jioni mpira."

Ngoma ikaanza tena. Jirani akarudishiwa mrija, wa mwisho si wa kwanza, na akashukuru. Nyanya aliukata ule mche wa sabuni kwa uzi, kila mchezaji akapata kipande. Nilicheza miaka mingine mingi, mpaka magoti yakakataa, na babu alikuja kila mechi akakaa nyuma ya goli langu juu ya kiti cha baiskeli yake, akitoa hukumu kwa Kiswahili.

Sasa babu na nyanya hawapo wote wawili. Ua upo, anaishi mjomba, lakini ghala liliangushwa na mchwa na mahali pake pana tangi la maji. Jirani alinunua pikipiki, akazeeka, akaacha kong'o kwa amri ya daktari. Siku hizi habari haina miguu. Haipandi baiskeli, haitoki jasho, haipigi magoti mbele ya mtu. Inafika kwa kila mtu kwa wakati mmoja na hakuna wa kumpa mrija. Firigisi nayo imepata uhuru, na mimi siwezi kulalamika, maana nani angependa binti zake waishie kuiosha tu? Nafurahi. Lakini wale wanaoila sasa, hakuna aliyewahi kupewa. Hilo ndilo linaloniuma, na nimeshindwa kulieleza kwa wanangu bila kuonekana mzee.

Nilinunua kijiti kimoja pale Tororo. Ng'ambo ya barabara basi dogo la walioshindwa lilikuwa limekwama, kwa sababu msafara wa washindi ulikuwa umeziba njia, na wasichana waliomo ndani walilazimika kukaa na kusikiliza furaha ya wenzao. Kwenye dirisha la nyuma niliona glavu. Mwenye nazo alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele, glavu bado mikononi, mtoto mdogo kuliko nilivyomdhania alipokuwa golini.

Nikagonga bati la basi. "Golikipa."

Akainua kichwa. Nikamnyooshea kijiti.

"Aunty, mimi sijaagiza."

"Najua. Hii hainunuliwi, unapewa. Wewe umebaki mpaka filimbi."

Alinitazama kama wanavyotazamwa wanawake wazima wanaosema na watu wasiowajua barabarani. Lakini njaa ni njaa, na siku ilikuwa ndefu. Akavua glavu moja, akapokea, akang'ata. Nikaona uso unakunjamana.

"Ni ngumu," alisema.

"Tafuna polepole," nikamwambia, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. "Hiyo hapana nyama ya haraka."